Kopi Tatu, Upande Mmoja

Kibanda changu kiko nyuma ya mahakama, Milimani,
shilingi tano ukurasa, ishirini ukitaka rangi,
na mashine yangu haijui cheo.
Barua ya mwakilishi wadi hulala kwenye kioo kilekile
kilichopitisha asubuhi mkataba wa mkopo,
kurasa mia mbili na kumi na nne,
ulioletwa na kijana wa suti, jasho kwapani:
"Haraka, dada, ndege ni saa tisa."

Mimi husoma. Sijakatazwi na mtu.
Mwanga ukipita, jicho nalo hupita.
Ndivyo nilivyojua mkate utapanda bei
wiki mbili kabla ya Bunge kupiga meza:
ilikuwa kwenye kiambatisho cha tatu, kifungu cha tisa,
imejibanza kama chawa kwenye mshono.
Waheshimiwa walipoanza kutupiana maneno redioni,
wa ndiyo wakanguruma, wa la wakanguruma zaidi,
mimi nilikuwa nakata mkate vipande vyembamba,
nikijizoeza.

Mbithe alinijia mara ya kwanza na faili la kijani.
Nyumba yake ya mabati, kule Mukuru, ng'ambo ya mtaro,
ilikuwa imechorwa alama nyekundu mlangoni.
Mwakilishi wadi akamwambia: barabara hiyo ni ya kaunti.
Kaunti wakamwambia: ni ya taifa, mama, soma ubao.
Akasoma. Ubao ulikuwa na bendera nne,
yetu ya mwisho, imepauka kuliko zote.
Wizara wakasema: sisi hufuata ratiba ya mwenye fedha.
Mwenye fedha, kwa barua pepe yenye adabu nyingi,
akasema mradi huu ni mali ya wananchi wa Kenya,
basi maswali ayapeleke kwa serikali yake mwenyewe.
Kopi nne. Nilimtoza ya moja.

Tingatinga lilifika Alhamisi, kabla ya chai.

Hapa Milimani alishindwa.
Mtu akamnong'oneza kwenye foleni ya choo:
kuna korti Arusha, iko juu ya hizi.
"Nani aliiweka huko juu?" akaniuliza.
Nikamwambia, sisi wenyewe, tulitia sahihi.
"Mimi sikutia."
Nami pia sikutia, lakini nikamnakilia.

Alipanda basi la usiku. Namanga
hawakumdai pasipoti, kitambulisho kilitosha;
aliliona hilo ajabu kubwa, mpaka leo hulisimulia,
kwamba nchi iliyomnyima ukuta
ilimfungulia mpaka.

Miaka mitatu. Nimebadilisha ngoma ya mashine mara mbili,
binti yangu amemaliza darasa la nane,
magari yanapita pale palipokuwa jiko la Mbithe
na kulipia kila yanapopita.

Leo ameingia, kanga imelowa mvua, faili kavu.
Serikali ilikiuka mkataba, wamesema majaji
wa nchi tofauti, kwa sauti moja.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
mmoja alikuja na lami, mwingine na haki,
wote wawili kutoka mbali.
La hapahapa lilikuwa tingatinga tu,
na dereva wake, mvulana wa Kayole,
aliyesema pole kabla ya kuwasha.

"Kopi tatu," anasema, "upande mmoja."
Ya kaunti. Ya wizara.
"Na ya tatu?"
"Ya kubandika ukutani."
Tukatazamana. Akacheka yeye kwanza.

Ukurasa wa mwisho ukakwama ndani.
Nikafungua kifuniko, nikauvuta polepole,
una moto, umejikunja palepale
penye kiasi cha fidia na muda wa kulipa.
Mbithe akauweka pajani, akaunyoosha kwa kiganja,
mara moja, mara ya pili,
kama anayepiga pasi sare ya mtoto
usiku wa kuamkia shule.