Beji

Kifuani nina beji. Kila mwezi
hupelekwa kusomwa: mionzi niliyokula,
nukta kwa nukta.

Dakta Makokha kaandika tena
skani ya kichwa. Ya tatu tangu Pasaka.
Nikampigia: ni sawa na picha ngapi za kifua?
Akacheka. "Mbili? Tatu?"

Mvua ya Upper Hill ikagonga mabati ya jenereta.

Nasieku, miaka sita, chali kitandani,
akaigusa beji:
"Na yangu iko wapi?"

Nikashika simu tena.
Daktari, huyu kaanguka jana,
akalia papo hapo, leo kamaliza uji.
Unatafuta nini humu kichwani?

Kimya. Kisha, kwa sauti ya mwanafunzi:
"Kwani ni ngapi hasa?"