Shuka la Milango Kumi na Sita

Duluth, Januari, baridi ya kupasua mawe.
Theluji imepanda hadi kidirisha cha chumba cha chini
ambako boila linakoroma, na kompyuta ya mtumba
inaisaga sahani yake, krrr, krrr,
kama panya aliyepata gunzi.

Dada yangu Kaia ana daftari. Mimi nina kipanya.
"Usibonyeze," ananiambia.
Nabonyeza.
Jumba linafunguka lenyewe, ukumbi, ngazi, saa isiyo na mishale,
na Mwenye Nyumba, ambaye hana uso,
ana sauti tu, na glavu mbili nyeupe zinazoelea:

*Nimelala kitandani, wala sina usingizi,*
*Milango yangu mwilini, kumi na sita, mjuzi,*
*Nikunje, nirudi ndani, mara nne, kama ngazi,*
*Ukishindwa, mji toa, mshumaa nauzima.*

Shuka, tulijua ni shuka. Kujua hakukutusaidia.
Wiki tatu tulilikunja kwenye kioo,
kulia, kushoto, juu, chini,
mlango wa saba ukiangukia wa kumi na mbili,
na glavu zikapiga makofi, polepole.
Nipe mji, anasema.
Tukampa Cloquet. Tukampa Two Harbors.
Hibbing Kaia aliitoa bila kusita, kwa ajili ya binamu yetu Lorna
na ulimi wake.
Superior ilituuma kidogo, kule kuna bwawa la kuogelea lenye maji moto.
Mshumaa baada ya mshumaa,
hadi ukabaki mmoja, na mji mmoja,
huu tuliokalia.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, mama akashuka
kutoka zamu ya usiku, dobi la hospitali,
vidole vimechubuka kwa klorini,
theluji ikiyeyuka kwenye buti zake.
Akasimama nyuma yetu. Sikujua alisimama kwa muda gani.
"Mnalikunja vibaya," akasema.
Kaia akamwambia ni mchezo tu, mama, wa kompyuta.
"Shuka ni shuka. Unaanza na upana. Halafu unaligeuza,
halafu unaliacha likuambie."
Akanyoosha mikono mitupu, akakunja hewa,
mara moja, mbili, tatu, nne,
mwanamke anayekunja mia nne kwa usiku,
nami nikafuata kwa kipanya, nyuma yake, kama mtoto anayefundishwa kuandika.

Milango ikalaliana.
Juu ya ngazi kitu kikalia *ka*.
Kaia akafumba macho. Mimi nilisubiri maiti,
nilikuwa nimeisubiri wiki tatu, nilikuwa na hamu nayo.

Kitanda.
Kitanda tu, cheupe, kimetandikwa, mto hauna hata kishimo,
na glavu zimewekwa juu ya kiti.
Muziki umekoma.

"Ndiyo hiyo tu?" Kaia akacheka. "Tumeuza Superior kwa hiyo?"
Mama hakucheka. Akainama, pua karibu na kioo,
akazitazama pembe za lile shuka.
"Hivi ndivyo tunavyotandika baadaye," akasema.
Baada ya nini, nikamuuliza.
Akapanda kwenda kupika uji,
akiacha dimbwi dogo la maji kwenye kila kipandio.

Sahani ninayo bado. Ina mkwaruzo, na hakuna mashine inayoisoma.
Nilijaribu mara mbili, halafu nikaacha,
mtu mzima ana kazi.

Machi ya mwaka juzi walinipigia simu alfajiri,
nikaendesha juu ya barafu, ghorofa ya nne, korido ndefu,
mlango ulikuwa wazi.
Walishamaliza.
Pembe zilikuwa safi, upana kwanza, yeye mwenyewe asingepata kosa.
Miwani yake imewekwa juu ya kiti.

Nilisimama hapo, Darrin Kivela, miaka arobaini na mbili,
nikitafuta pa kubonyeza.
Dirishani taa za bandari zilikuwa zinazimwa, moja, moja.
Sikuwa na jibu.
Duluth, nikasema. Chukua.