Kushoto

Nyevu wa Kenga aliyaleta kwa mkokoteni,
maboksi mawili ya mbao, kila moja lanifika kifuani.
Hoteli ya Wataliano imefungwa, vitu vimenadiwa,
na yeye, anayekodisha viti na turubai huko Muyeye,
sasa anataka kukodisha na sauti.
"Yanakoroma," akasema. "Kama mlevi aliyelalia mkono."

Sikumwambia kwamba nayajua.
Kwamba alama ile ya kona, mfano wa mwezi mwandamo,
ni ya pete yangu, usiku wa mwaka mpya,
nilipoyasogeza peke yangu, umri miaka ishirini na miwili,
na mabega ya mtu asiyejua kuwa atazeeka.

Nikafungua. Ndani: nyumba ya nyigu, sarafu ya lira,
na sponji ya ukingoni iliyogeuka unga,
ukiigusa yakuachia vidole vyeusi, kama bizari iliyoungua.
Nikaisukuma koni kwa vidole vitano, polepole, sawasawa,
sikio karibu.
Umazi, mwanagenzi wangu, akauliza nasikiliza nini.
Mnong'ono, nikamwambia.
Koili ikigusana na sumaku hunong'ona.
Hii hainong'oni.

"Inanong'ona," Umazi akasema.

Nikaichimbua hata hivyo, ili nimfundishe.
Kumbe, chembe ya kutu, ndogo kuliko sisimizi,
imejibanza kwenye upenyo wa sumaku.
Chumvi ya Malindi haina adabu, hula hata chuma cha wageni.
Nikaitoa kwa ncha ya selotepu,
na sikumsifu Umazi. Ningemsifu.

Siku nne. Sponji mpya kutoka Mombasa, gundi, kungoja gundi.
Betri ya tochi kwenye waya: koni moja ikaruka mbele,
ya pili ikarudi nyuma.
Mtu aliwahi kuzipishanisha nyaya. Labda mimi.
Kapasita mbili zimevimba kama macho ya aliyekesha matangani.
Nikazing'oa, nikalehemu nyingine.

Jioni ya tano tukawasha.
Kulia: safi, maji ya mtungini.
Kushoto: mkwaruzo.
Si mkubwa. Ukucha juu ya bati,
pale tu mwanamke anapoipandisha sauti, pale filimbi inapoingia.

Kanuni yangu ni moja, nilimpa Umazi kabla ya kumpa bisibisi:
usibuni, hamisha.
Unachokishuku kihamishe; ugonjwa ukikifuata ni wake,
ukibaki nyuma, kiombe radhi.
Nikahamisha maboksi. Mkwaruzo ukabaki kushoto.
Nyaya. Kushoto.
Nikaazima amplifaya kwa Lali wa simu. Kushoto.
Nikabadilisha hata soketi ya ukutani, jambo la kipuuzi;
fundi akiishiwa huwa mganga.

"Fundi," Umazi akasema, "mbona zote mbili ni safi?"

Nikakaa. Nje mtu alikuwa anabishana bei ya kuku.
Katika chumba kile, hesabu ikaniambia,
kila kitu kimehamishwa
isipokuwa kimoja.

Nikageuza kiti, nikaupa muziki kisogo.

Mkwaruzo ukavuka chumba
ukaingia boksi la kulia, lile safi,
ukakaa humo kama mwenyeji.

Miaka sita nilisimama mbele ya boksi la kushoto
kwa kuwa meza ilikuwa upande huo, penye feni,
na tajiri akiniashiria kwa dole gumba: juu, juu tena.
Alfajiri nilirudi Barani na nyenze sikioni.
Nilidhani ni nyenze.

Nikazima. Nikamwandikia Nyevu risiti:
sponji mbili, kapasita mbili, ufundi.
Mkwaruzo sikuutoza.
Kisha nikainuka, nikampisha Umazi kwenye kiti.
"Kuanzia leo wewe usikilize. Mimi nitashika lehemu."

"Na nikisikia kitu?"

"Niambie," nikasema. "Lakini njoo upande huu."