Nusukaputi

Mama akiulizwa na majirani kazi yangu
husema, "Analaza watu, kisha anawaamsha,"
halafu huongeza kwa sauti ya chini: "Inshallah."

Chumba cha pili cha upasuaji, hospitali ya Ibra,
saa moja na nusu asubuhi. Nje jua limeshaupasha mlima moto,
humu ndani tunavaa sweta chini ya joho la kijani.
Nawaambia wahesabu, kuanzia kumi, kurudi nyuma.

Mzee Sleyum wa mashamba ya Mudhaibi,
kilo arubaini na tisa, ngozi na tasbihi,
hakuifikia nane.
Nusu ya dozi ilibaki ndani ya sindano,
inanitazama.

Dereva wa malori ya Sohar, shingo kama kinu,
alifika nne, akafika tatu,
akaniuliza kama nimeshapata chai.
Jana yake nilimuuliza, babake kasimama karibu:
Wanywa? Akaruka: Astaghfirullah!
Leo damu yake inasema kweli peke yake.
Nikaongeza. Daktari Sujatha akanyanyua nyusi: ongeza tena.
Mwili uliofunzwa kukesha haulali kwa kubembelezwa.

Na yule mtoto wa miezi sita, mkubwa kama mkate,
kilo kwa kilo alikula dawa kumshinda babu yake.
Na askari ambaye miaka thelathini hasemi ila Kiarabu
aliamka akilia kwa Kiswahili,
akitaka arudishiwe gololi zake.
Wapo waamkao wakicheka. Wapo watapikao.
Mmoja aliniposa, na mkewe yuko mlangoni.

Nusukaputi, tunaiita,
kana kwamba nusu ya kila mtu ni sawa.

Miaka minne nilisoma Maskati, nikadhani najua:
umri, uzito, mafuta, figo, hofu, sigara.
Vitabu vina majedwali.
Watu hawana.

Kisha akaletwa Zuweina, mtoto wa ami yangu,
usiku wa manane, kidole tumbo kimevimba.
Dawa ya kulegeza misuli, ile ya dakika tano,
tulimpa ili mpira upite kooni.
Tano zikapita. Ishirini. Arubaini.
Kidole tumbo kimeshatoka, kimo sahanini,
na kifua chake hakitaki kazi.
Tukamwongezea usingizi, asije akaamka
amefungiwa ndani ya mwili wake kama nguo sandukuni,
nami nikakaa kitako, mashine ikimpumulia,
nikihesabu mimi sasa, kwenda mbele,
na hesabu haina mwisho,
mpaka adhana ya alfajiri, ndipo kope ikacheza.

Kwenye ujia shangazi akasema, kama asemaye bei ya vitunguu:
"Mbona bibi yenu Shinuna naye!
Kule Unguja walimlaza asubuhi,
Magharibi inaingia hajatikisa ukucha.
Tulimfukizia ubani siku saba.
Wakasema ana jini la kurithi."

La kurithi.
Sikucheka.
Ni kimeng'enya kimoja tu, hakikuiva vizuri,
kilichovuka maji pamoja nasi bila pasi wala tiketi,
kikaoa binamu, kikazaa,
kikakaa kimya kikingoja sindano.

Nikaufunga mkono wangu mwenyewe kwa mpira, nikatoa damu.
Majibu yalikuja Alhamisi.

Sasa nina kadi ndani ya pochi, nyuma ya kitambulisho,
imeandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza
jina la dawa nisiyopewa.
Mama ameigeuza huku na huku,
akauliza mbona haina Kiswahili.
Nimemwandikia chini, kwa kalamu ya wino:
huyu huchelewa kurudi. Msubirini.