Magunia Mia Mbili na Arobaini

Tuliikwangua mimi na Somoe, jaruba kwa jaruba,
tangu Julai, visigino vikipasuka,
macho yakiuma kwa weupe.
Tukairundika juu ya tuta, hapa Mchinga,
tukaifunika nyasi, juu yake turubai,
jiwe kila pembe,
kama umfunikavyo mgonjwa asipigwe na baridi.
Mnunuzi akasema subirini, lori linakuja.

Mwaka ule redio haikuchoka kutaja majina.
Kimbunga fulani, kilomita mia tano mashariki mwa Mtwara,
upepo kiasi fulani,
wavuvi wachukue tahadhari.
Hakuna aliyesema wachumvi tuchukue nini.
Majina yenyewe yalikwama kooni,
tukavipa vimbunga majina yetu.

Cha kwanza tulikiita Mpitanjia.
Kilitukohoa tu toka huko kilindini,
kikaenda zake ng'ambo ya Ruvuma.
Tukasema alhamdulillahi,
kisha tukaona haya,
maana Mfaume ana dada yake Palma
na simu yake ilikuwa haiiti.

Cha pili kilikuja matope hayajakauka.
Hicho ni Mdai.
Kilibisha usiku kucha, hakikukubali njoo kesho.
Kiling'oa mabati ya zahanati
kikayatundika mikoroshoni,
na korosho zenyewe zikalala chini, zikalowa,
zikaanza kuota kabla ya mnada.
Asubuhi daraja halikuwepo.
Sisemi lilivunjika. Halikuwepo.
Lori la chumvi lilisimama upande wa pili,
dereva akatupungia mkono
kama bwana harusi aliyekosea mji,
akageuza.

Siku zile sukari ilipimwa kwa kijiko.
Mvua ikikatika saa moja, watu walitazamana,
nani athubutu kuanika nguo.

Cha tatu hatukukipa jina.
Kilikuja Somoe akiwa na uchungu,
darasa la nne, juu ya madawati mawili yaliyounganishwa,
ubaoni bado kuna hesabu za kugawanya.
Mtoto alilia, upepo ukamzidi,
akalia tena.
Nesi akacheka, huyu aitwe Kimbunga.
Somoe alimtazama tu.
Akamwita Kiangazi.

Mimi usiku huo nilikuwa tutani,
maji kiunoni, nimeikumbatia pembe ya turubai.
Sikusikia kishindo chochote.
Nyumba ikianguka hulia, mti hulia,
chumvi huondoka kimya
kama mgeni aliyeona mwenyeji hana chakula.
Kulipopambazuka turubai lilikuwa limelala bapa,
mawe yake manne bado pembeni,
katikati hakuna mtu.

Mfaume akasema bahari imekuja kuchukua chake.
Nikamkatalia, na hadi leo namkatalia.
Bahari ilileta maji.
Weupe niliutoa mimi, kwa jembe na kwa mgongo.
Haikuchukua chumvi, ya kwake inaitosha;
ilichukua Julai yangu, na Agosti,
na ada ya Hanzuruni, kidato cha pili.

Februari nilinunua chumvi. Ya pakiti,
dukani kwa Nalyambe.
Nilitazama nyuma kwanza, kama mwizi.

Daraja la chuma lilipowekwa, alikuja afisa na fomu.
Viatu vyake vilikuwa visafi hadi alipofika kwangu.
Hasara kiasi gani, mama?
Nikamtajia.
Akatazama majaruba, tope tupu, kaa wawili wanagombana,
akaandika mia moja.
Akatabasamu kidogo, kwa upole kabisa:
mama, tusitie chumvi.

Sikumjibu.
Nilikwenda ndani, nikatoka na kanga ya usiku ule,
sijaifua, imekauka,
imesimama kama ubao.
Nikamnyooshea pindo.

Onja, nikamwambia.