Picha za Watu Wanaoimba

Ya kwanza niliipata Kirumba, mwaloni,
imefungiwa dagaa wa mia tano:
nahodha mnene kampigia goti dobi,
wigi limemteleza hadi sikioni,
na nyuma yao kwaya nzima imeachama.

Nikamrudishia Mama Ng'washi dagaa wake,
nikabaki na karatasi.
Akanitazama kama mtu aliyemeza mwiba.

Sasa ninazo kumi na moja.
Moja ilitoka kwenye sanduku la fundi cherehani Mgoa
aliyehama Barabara ya Makongoro bila kuaga;
nyingine nilibadilisha na redio. Redio nzima, inaongea!
Kabula hajanisamehe.

Sijawahi kusikia hata mchezo mmoja.
Sijui jaji yule anamwimbia nini bata,
wala mjane anachekea nini makaburini.
Unyevu wa ziwa unawala taratibu, kuanzia miguuni.

Jana usiku umeme ulikatika.
Wadudu wa ziwani wakaifuata koroboi,
wakatua kwenye kioo cha nahodha,
weusi, wadogo, kama nota.
Kabula akainua taa, akawasoma kwa kidole,
akaanza kuimba sehemu ya dobi,
kwa Kisukuma.

Miaka yote hii, kumbe jibu lilikuwa
hapana.