Likelemba

Ulizaliwa wiki ya ishirini na sita, Aganze,
mvua ya Novemba ikishusha udongo wa Kadutu,
na mizani ya hospitali ikasema gramu mia nane na tisini.
Mimi muuza maharage naujua uzito huo:
ni kilo ambayo mteja anaikataa,
anasema, ongeza, mama, usiniibie.

Sikuwa na cha kuongeza.

Siku kumi na tisa mashine ilikupumulia.
Umeme ulipokatika, muuguzi alikuvutia hewa kwa mkono,
na baba yako alihesabu kwa sauti
mpaka jenereta ya uani ikohoe na kuwaka.
Mara moja alifika arobaini na mbili.
Hata leo akihesabu magunia, akifika hapo anaruka.

Daktari Zihindula alikuwa kijana, kola imefumuka uzi.
Alichuchumaa mbele ya benchi langu.
"Mapafu yamevimba, hayataki kuachana na mashine.
Ipo dawa, deksametazoni. Inatuliza uvimbe.
Nitampa kidogo, siku kumi, nikiipunguza."
Nikangoja. Nimewazoea wauzaji:
baada ya sifa ya mali huja kasoro yake.
"Inaweza kugusa ubongo," akasema. "Mwendo. Mikono. Kukua.
Na tusipompa, mashine nayo inaharibu,
kila saa inaharibu.
Mama, sina njia safi ya kukupa."

Nilitia sahihi kwa kalamu yake.
Wino ulikata kwenye jina lako, nikarudia.

Siku ya nne waliutoa mpira kooni mwako.
Ulikuwa na umri wa siku ishirini na tatu
nilipoisikia sauti yako kwa mara ya kwanza:
ndogo, ya kukwaruza, kama mlango wa kabati.

Katika likelemba yetu, wanawake kumi na wawili wa soko,
anayepokea wa kwanza hucheka wa kwanza,
kisha hulipa miezi kumi na mmoja
akitazama wenzake wakipokea.
Wewe ulipokea wa kwanza.

Ukatembea mwaka wa tatu,
kwa ncha za vidole, mguu wa kushoto ukiikwepa ardhi
kama mtu anayepita jikoni pa wenyewe usiku.
Sasa una miaka minane, na shati la darasa la kwanza linakupwaya.
Kalamu unaishika kwa ngumi.
Saba yako hutazama upande usio wake.
Mwalimu Nabintu akasema: mvivu.
Nikamwambia: mwalimu, huyu alianza kazi
miezi mitatu kabla ya wenzake.

Nani aliuchukua mguu? Dawa? Mashine?
Haraka yako mwenyewe? Ile arobaini na mbili?
Nilimuuliza Zihindula, ambaye sasa ana mvi karibu na sikio.
Alifungua faili, akalifunga.
"Sijui, mama. Na sidhani yupo atakayejua."
Nilimheshimu kwa hilo, na usiku nikamchukia,
na asubuhi nikampelekea maharage, kilo mbili kamili.

Picha ya siku zile ninayo moja tu.
Mashavu yamejaa, yameng'aa, macho yamezama katikati.
Majirani walipoiona walipiga vigelegele: amenona!
Ilikuwa dawa. Iliujaza uso
na mbavu ikaziacha kama zilivyokuwa.
Wewe unaipenda, umeibandika juu ya kitanda.
"Mama, hapa nilikuwa tajiri."

Jioni tunapanda ngazi za kwetu, mia moja na kitu.
Kwenye ya thelathini unasimama, kiganja ukutani,
kifua kikipiga filimbi yake nyembamba.
Sikuulizi.
Nahamisha gunia kwenda bega la pili, polepole,
ili ionekane ni mimi niliyechoka.